Alama Tatu Sakafuni

Mume wangu Nicodemo ni mpiga picha. Ukitaka kujua habari za maisha yake usimuulize mwenyewe, maana atakueleza mpaka ugali upoe. Njoo utazame sakafu ya chumba chetu cha biashara hapa Haydom. Kuna alama tatu nyekundu, alizipiga kwa rangi iliyobaki tulipopaka mlango. Ya kwanza iko ndani, katikati ya chumba. Ya pili iko kizingitini. Ya tatu iko nje, barazani. Hapo ndipo alipokuwa akisimama kupiga picha katika vipindi vitatu vya kazi yake, na kila alipohamia alama nyingine, mimi na cherehani yangu tulitangulia kuhama, kama mbuzi anayefukuzwa kwenye maharage.

Na chumba kilikuwa changu. Hilo naomba lieleweke kwanza.

Nilikipanga mwaka 1993, nikiwa bado naitwa Gaudensia tu, si mama wa mtu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, marobota ya mitumba yanashushwa mnadani, na watu wote wa huku, wakulima wa Maretadu na Endagikot pamoja na wafugaji wa upande wa Hanang, wakaanza kuvaa makoti yaliyoshonwa kwa ajili ya watu wenye mabega ya kubebea milango. Hakuna koti la mtumba linalomkaa mtu wa kwetu bila kupunguzwa. Mikono inafunika vidole, pindo linafagia. Kazi ikawa tele. Nilinunua cherehani ya miguu, ile nzito ya chuma, nikaiweka karibu na dirisha, nikafunga pazia pembeni ili wanawake wapimwe kwa heshima.

Mwaka uliofuata akaja Nicodemo na kamera ya filamu shingoni na turubai begani. Turubai lilichorwa ziwa, na juu ya ziwa ndege ya abiria, na chini kwenye nyasi swala watatu wasioshtushwa na ndege hiyo.

"Dada, samahani," akasema. "Naomba kona."

Nilimpa. Nilimpimia mwenyewe kwa tepu yangu. Turubai lingekaa ukuta wa ndani, mteja angesimama mbele yake kidogo ili kivuli kisiwadondokee swala, na kutoka kwa mteja mpaka kwa mpiga picha ni mita tatu kasoro. Kilichobaki, mita moja ya upande wa mlango na dirisha, kikawa changu. Wahenga wanasema ukimpa mtu shibiri atataka pima. Nilikuwa naujua msemo huo vizuri, lakini alikuwa na viatu safi na alicheka kwa adabu. Miaka miwili baadaye nikawa Mama Patriki, na mita zote zikawa zetu.

Sasa, kuna jambo moja la watu wa huku ambalo ni lazima ulijue. Mteja wetu anataka miguu. Picha ya uso na kifua ni ya kitambulisho, hiyo wanaielewa, lakini picha ya kumpelekea mtu nyumbani ni lazima ianzie nywele na kuishia viatu. Mtu anatembea kutoka kijijini na viatu vikiwa ndani ya mfuko, anavivaa mlangoni kwetu, anapiga picha, anavivua, anarudi. Vile viatu vimekuja kuonekana! Halafu hapa ni Haydom, mji umezaliwa na hospitali. Mabasi yanashusha wagonjwa kila siku, na nusu ya wateja wetu ni watu waliopona wanaotaka kuwaonyesha ndugu zao kwamba wamepona wote, kutoka juu mpaka chini. Ukiwakata miguu kwenye picha, wanakurudishia.

Kwa miaka kumi na minne Nicodemo hakuwahi kumkata mtu. Alikuwa na lenzi yake ya milimita hamsini, alisimama kwenye alama ya kwanza, na miguu ilitokea. Lenzi nyingine aliyokuwa nayo ni ya ishirini na nane, ya pana, ambayo aliitumia harusini tu, kwa makundi. Mwaka 1996 alijaribu kumpigia mzee mmoja wa kanisa picha ya ndani kwa lenzi hiyo, akiwa amesimama karibu, na pua ya mzee ikatoka kama kiazi kitamu. Mzee alinyamaza mwezi mzima. Tangu siku hiyo ile lenzi ikatiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, ikawa ya harusini peke yake, na Nicodemo akaapa kutoitumia ndani tena.

Mkoa wa Manyara ulipozaliwa, Babati ikawa makao makuu, na mume wangu akaanza kuamini kwamba akili zote za mkoa zimehamia huko. Filamu alikuwa akipeleka huko kusafishwa. Hapo ndipo alipojuana na Felician, fundi wa kompyuta mwenye duka la kusafisha picha, mtu anayeongea polepole akifumba macho, kana kwamba anachokisema kimeandikwa ndani ya kope zake. Mwaka 2008 Felician akamwambia filamu imekwisha, mashine inafungwa, anunue kamera ya digitali. Akamuuzia moja iliyokwishatumika, bodi tupu bila lenzi.

"Lenzi unazo," Felician alimwambia. "Zinaingia vilevile."

Ziliingia, kweli. Siku ya kwanza mteja akasimama mbele ya ziwa na ndege, Nicodemo akasimama kwenye alama yake ya siku zote, akaweka jicho. Akatoa jicho, akamtazama mteja kwa macho makavu, akarudisha jicho.

"Mama Patriki," akasema, "huyu mtu amekua."

"Amekua vipi?"

"Haenei."

Alirudi nyuma hatua moja. Akarudi ya pili, akaikanyaga pedeli ya cherehani yangu. Mteja bado alikuwa anaonekana kuanzia magotini kwenda juu.

"Sogea kidogo," mume wangu akaniambia.

Ndivyo ilivyoanza. Nilisogea kidogo siku hiyo kwa sababu mteja alikuwa na haraka. Nikasogea kidogo wiki iliyofuata. Mwisho wa mwezi cherehani ilikuwa nje barazani, naye amepiga alama ya pili pale kizingitini. Nayo haikutosha, hivyo akatoka nje kabisa, akapiga alama ya tatu, akawa anapiga picha za watu walio ndani akiwa nje, kupitia mlangoni, na mimi nikasukumwa mpaka ukingoni mwa baraza, kwenye matone ya bati.

Nilikaa hapo mwaka mmoja na nusu.

Sijui kama unaifahamu baridi ya Haydom ya mwezi wa sita, na vumbi la mwezi wa nane likipulizwa na mabasi. Kitambaa cheupe kinakuwa cha kaki kabla hujamaliza pindo. Lakini vumbi nililivumilia. Kilichoniua ni kupima. Mwanamke gani atainua mikono apimwe kifua barazani, mbele ya kituo cha basi, makonda wakitazama? Walikuwa wanakuja, wananisalimia, wanaangalia kushoto na kulia, wanasema "tutarudi, Mama Patriki", halafu ninawaona wakikata kona kwenda kwa Kornelia, upande wa pili wa soko, mwenye mlango na pazia. Kornelia hajui hata kukata kwapa. Niliona uchungu, nasema kweli. Kazi niliyoianza nikiwa msichana ilikuwa inakufa, na aliyekuwa anaiua alikuwa anakula ugali wangu.

Nilipomwambia, alinijibu kwa utulivu mkubwa, na utulivu huo ndio uliokuwa unanipandisha hasira zaidi.

"Vumilia kidogo. Tatizo ni sensa."

Nikajua sensa kuliko nilivyotaka. Ndani ya kamera ya digitali, pale ilipokuwa inakaa filamu, kuna kigae kidogo kinachopokea mwanga. Hicho ndicho sensa. Kuna kamera zenye kigae kikubwa, sawasawa na ukubwa wa filamu ya zamani, na kuna zenye kidogo. Yake ilikuwa ya kidogo. Felician alikuwa amemwambia kwamba dawa ni moja tu, sensa kubwa, na kwamba sensa kubwa ndiyo ya mpiga picha makini.

Makini! Neno hilo lilikaa nyumbani kwetu kama mgeni asiyeaga. Kila mwezi alipanda basi kwenda Babati kushauriana, na kila mwezi alirudi na karatasi zilizochapwa, zimepigwa mistari. Sensa kubwa ni ya mtu makini. Sensa kubwa inaona gizani.

"Gizani unampiga nani picha?" nilimuuliza. "Wateja wako wanakuja saa nne asubuhi."

"Siyo hao. Kazi makini. Mlima Hanang alfajiri, kalenda."

Katika maisha yake yote hajawahi kuupiga picha Mlima Hanang, alfajiri wala jioni. Hapendi hata kuamka.

Basi nunua, nikasema. Sensa kubwa ilikuwa inalingana na mitamba watatu, na mitamba tulikuwa nao, kwa kaka yake huko bondeni. Nikakubali mitamba wauzwe. Unafikiri alinunua? Alirudi Babati kushauriana. Akaja na habari kwamba sensa kubwa inataka na kompyuta kubwa. Mwezi uliofuata akasema sensa ndogo nazo si mbaya, zinaleta vya mbali karibu, zinafaa kwa ndege na wanyama. Nikamuuliza anataka kupiga picha za ndege gani, ile ya kwenye turubai? Mwezi mwingine akaanza kusema kuna ya katikati. Halafu akapata hofu mpya, kwamba akinunua kubwa leo, kesho watatengeneza kubwa zaidi. Kaka yake alikuwa amekwisha kuwafunga wale mitamba mara mbili kwa ajili ya mnada na kuwafungulia mara mbili. Mara ya tatu akatuma ujumbe kwamba mitamba wanacheka.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Yeye alikuwa mbaazi, na aliyekuwa anapigwa na hilo jua ni mimi.

Mwaka 2010, mwezi wa tatu, masika yalipokuwa yamekaza, akaja kijana wa Maretadu anaitwa Joakimu. Alikuwa amevunjika mguu alipoangukiwa na mkokoteni wa ng'ombe, akatibiwa, plasta ikatolewa, mguu ukapona vizuri kabisa. Alibaki Haydom wiki mbili kwa ndugu yake akisubiri kuangaliwa mara ya mwisho, akataka kumtumia mama yake picha ili asiwe na wasiwasi. Ni mrefu, Joakimu. Na siku hiyo mvua ilikuwa inapiga baraza mpaka nimefunika cherehani kwa nailoni. Nicodemo asingeweza kusimama kwenye alama ya tatu, kamera ingelowa. Akajibanza kwenye ya pili, mgongo kwenye mlango, akapiga. Joakimu alikuwa na haraka, hakuiangalia sana. Mashine yetu ndogo ikaichapa, naye akampa konda wa basi la Maretadu pamoja na ujumbe wa mdomo: mwambie mama naendelea vizuri.

"Anaendelea vizuri" ni maneno wanayoambiwa hata ndugu wa mtu aliyekatwa.

Siku tatu baadaye, asubuhi ya mvua nyingine, nikiwa barazani kwangu kwenye matone, akashuka mama mmoja mtu mzima kutoka kwenye basi. Amejifunga shuka mbili, mkononi ana mzigo mrefu uliofungwa kitenge. Akaja moja kwa moja kwangu.

"Shikamoo mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa mpiga picha?"

Nikampa kiti changu. Akatoa ile picha kwenye kitambaa, akaigeuza kuonyesha muhuri wetu nyuma, akaigeuza tena. Joakimu alikuwa anatabasamu mbele ya ziwa. Picha ilikuwa imeishia magotini.

"Mimi ni Bernadina," akasema. "Huyu ni mwanangu. Sijaenda hospitali bado, nimeogopa. Nimeona nianze kwenu mliomwona. Niambieni tu, niandae moyo. Wamemkata mmoja au yote miwili?"

Akafungua mzigo. Yalikuwa magongo mawili, mapya, yamechongwa kwa mti mgumu na kulainishwa mpaka yanang'aa, sehemu ya kwapa imezungushiwa ngozi ya kondoo. Shemeji yake alikuwa ameyachonga usiku na mchana. Nyumbani watu walikuwa wamekuja kukaa naye, wamelia.

Nikamwita mume wangu. Akatoka, akaiangalia picha, akayaangalia magongo, akamwamkia mama, halafu, Mungu ananiona, akaanza kueleza.

"Mama, hiyo siyo hospitali. Hiyo ni sensa. Sensa ndogo ndivyo ilivyo, inakata huku chini."

"Inakata?" mama Bernadina akasimama. "Huyo Sensa ni daktari wa wapi?"

"Nicodemo," nikasema, "nyamaza." Sikuwa nimewahi kumwita kwa jina lake mbele ya watu tangu tulipofunga ndoa.

Nikamwambia mama kwamba mwanawe ana miguu yote miwili na asubuhi hii nimemwona akiruka dimbwi. Hakuniamini, na mimi nisingeamini. Nikawapigia kelele watu wa kituoni wamwite Joakimu, na baada ya muda akaja akikimbia kwenye matope, viatu mkononi. Mama yake hakumsalimia. Aliinama akamshika miguu, mmoja, halafu mwingine, akaipapasa kuanzia vidole mpaka magotini kama anayenunua ndama. Halafu akainuka, akachukua gongo moja, akamtandika nalo mgongoni.

"Simu yako ilikuwa wapi?"

"Ilizima chaji, mama."

Akamtandika tena, polepole zaidi, akakaa chini akalia. Na mimi nililia. Mume wangu alikuwa anafuta lenzi.

Mama Bernadina alipomaliza kulia alikuwa mtu mwingine. Akamgeukia Nicodemo.

"Sasa piga picha yenye miguu. Mimi na yeye. Sirudi Maretadu na miguu ya mdomoni, kule wameshalia. Wataona."

"Mama, tusubiri mvua ikate, maana mimi nasimama pale nje..."

"Basi langu linaondoka saa nane."

"Ndiyo, lakini nafasi ya ndani haitoshi. Nikipata sensa kubwa, kuanzia mwezi wa..."

Hapo nikachoka. Niliingia ndani ya chumba changu mwenyewe, ambamo nilikuwa sijakaa mwaka na nusu, nikachukua mkasi na karatasi.

"Filamu ilikuwa na ukubwa gani? Niambie kwa milimita."

"Thelathini na sita kwa ishirini na nne."

Nikakata.

"Na hicho kigae chako?"

"Ishirini na tatu na nusu, kwa kumi na tano na..."

Nikakata. Nikaziweka karatasi mbili juu ya meza, ndogo katikati ya kubwa. Pande zote kubwa ilikuwa imezidi. Nilitazama, na nikaona aibu kwamba hili jambo lilikuwa limezungushwa Babati na kurudi kwa mwaka na nusu, kumbe ni la kitambaa. Lenzi inamwaga mwanga kama mtu anayetandika kitambaa mezani. Filamu ilikuwa inakata kipande kikubwa, na sensa ndogo inakata kipande cha katikati, ile miguu inabaki mezani.

"Baba Patriki," nikasema, "mteja akiniletea kitambaa kidogo ninafanya nini?"

"Unamwambia akanunue kingine?"

"Nikimwambia hivyo anakwenda kwa Kornelia. Ninapunguza mkato. Nguo ni ileile ila ndogo. Sasa, hiyo lenzi yako ya hamsini inamchora mtu mkubwa, hakai kwenye kipande hiki. Hakuna lenzi inayomchora mdogo?"

"Ipo ya ishirini na nane," akasema taratibu. "Lakini ile ni ya harusini. Ndani inaharibu pua."

"Ile siku ya pua ulisimama wapi?"

"Karibu. Kama hatua mbili. Ili ajae kwenye picha."

"Na sasa kigae kikikata kingo, ukisimama hatua mbili, mtu ataenea?"

Akapima kwa macho kutoka turubai mpaka mlangoni.

"Hataenea," akasema. "Itabidi nirudi nyuma. Nikirudi nyuma..." Akashika pua yake mwenyewe. "Pua inabaki ilivyo."

"Iko wapi hiyo lenzi?"

"Kwenye kopo."

Kopo lilikuwa kwenye rafu, juu ya kichwa chake, mahali lilipokaa tangu 1996, nalo nalipangusa vumbi kila Jumamosi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na huyu alikuwa ameifuata fimbo Babati kwa nauli yangu.

Alifunga lenzi kwenye kamera. Mama Bernadina akasimama mbele ya ziwa, shuka zimenyooshwa, Joakimu pembeni yake amevaa viatu vyake. Mume wangu akaanzia kizingitini, akasogea mbele, akapita alama ya kwanza, akasogea tena, akasimama nusu mita ndani ya alama yake ya miaka yote. Akapiga. Ikachapwa. Mama Bernadina akaishika karibu na macho, akahesabu kwa kidole: mmoja, miwili, mitatu, minne.

"Sasa wameenea," akasema.

Aliposimama kwenda kwenye basi, Joakimu akataka kubeba magongo. Mama yake akamkataza. "Sirudi nayo. Yakiingia nyumbani yataita mtu." Akanikabidhi. "Mwanangu, utayapatia kazi nyingine." Nimeyapatia. Yamepachikwa ukutani, ndiyo yanayoshika pazia langu la kupimia, na ngozi ya kondoo bado iko.

Walipoondoka tulibaki wawili, mvua inapungua. Nicodemo alikuwa anaitazama kamera kama mtu aliyekuta shilingi kwenye koti lake la zamani.

"Inafanya kazi vizuri sana," akasema. "Yaani, kwa kweli, sensa ndogo siyo..."

"Rudisha cherehani yangu ndani."

Ni nzito, nimeshasema. Aliibeba peke yake. Aliivuta kutoka kwenye matone, akaipitisha juu ya alama ya tatu, juu ya alama ya pili, akiguna, mpaka dirishani. Pale sakafuni kulikuwa na vishimo vinne, vilivyochimbwa na miguu ya chuma kwa miaka kumi na mitano. Akaisukuma kidogo huku, kidogo kule, ikaingia. Nikakaa. Nikaweka miguu kwenye pedeli.

Halafu akasema anipige picha. Katika miaka yote ile sikuwa na picha hata moja ndani ya chumba hiki, kwa sababu siku zote nilikuwa nyuma ya kamera, upande ambao haitazami.

"Nusu au nzima?" akaniuliza.

"Nzima," nikamwambia. "Mpaka miguu ya cherehani."

Ili anipate ilibidi aende upande wa wateja. Akasimama mbele ya turubai, mgongo kwenye ziwa, swala wakichungulia magotini pake, mahali ambapo hakuwahi kusimama hata siku moja. Akainua kamera. Akaishusha. Akatazama dirisha langu, akatazama uso wangu, akatazama tena dirisha.

"Mama Patriki," akasema polepole, "kumbe mwanga wote mzuri wa chumba hiki uko huko kwako. Sasa nilikuwa nafikiri, kama wateja wangekaa upande huo, halafu wewe ukasogea kidogo..."

Nikachukua mkasi.

Akapiga picha haraka. Nimeitundika pale pale dirishani: miguu yote imetoka, yangu na ya cherehani, na mkasi nimeunyoosha mbele kama ninavyoushika ninapotaka kukata.